Binti Anakwenda Dansi Vienna: Mwongozo Kamili wa Kumwandaa

Meza ya jikoni tuliisukuma ukutani mwezi wa tatu, na haikurudi mahali pake mpaka mwezi wa pili mwaka uliofuata. Sakafuni nilibandika msalaba wa gundi ya karatasi, na juu ya msalaba ule binti yangu alizunguka jioni baada ya jioni, kuelekea kushoto, mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kama tumenunua mashine mpya ya kufulia. Alipoambiwa sababu hakukasirika. "Ah, Linkswalzer," alisema, yaani walzi ya kushoto, akatikisa kichwa kwa huruma, akashuka zake.

Nyumbani Tanga habari ilifika kwa picha. Binti yumo ndani ya gauni jeupe, glavu zimepita kiwiko, taji kichwani, kijana mwenye koti la mkia ubavuni. Simu zikaanza: harusi ilikuwa lini, na mbona hatukupewa kadi ya mchango? Shangazi yake alinuna wiki mbili. Kwa hiyo naandika haya kwa makundi mawili: wazazi wenzangu wa huku Ulaya ambao binti amerudi kutoka shule na neno "debutanti" mdomoni, na ndugu wa nyumbani wanaotaka kujua tulichokuwa tunafanya.

Jambo lenyewe ni nini

Wazee wetu walikuwa wakienda dansi. Tai shingoni, viatu vinang'aa, walzi na foksitroti kwenye kumbi za mjini. Dansi za Vienna ni za ukoo huo, ila zina kitu cha ziada: kabla wageni hawajaruhusiwa kuingia uwanjani, kikosi cha vijana huingia kwanza kwa mpangilio, mabinti wamevaa nyeupe, vijana wamevaa nyeusi, wakacheza peke yao. Hao ndio kamati ya ufunguzi, na mabinti wake ndio debutanti, maana yake wanaotokea mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Asili yake ni soko la ndoa, tusifichane. Uingereza mabinti wa tabaka la juu walipelekwa ikulu kupiga goti mbele ya mfalme au malkia, na tangu siku hiyo walihesabiwa wako tayari kuposwa. Malkia Elizabeth wa Pili alikomesha utaratibu huo mwaka 1958. Ile Dansi ya Malkia Charlotte ya London, iliyotokana na sherehe ya kuzaliwa ya mke wa Mfalme George wa Tatu, ilifikia mahali ambapo mabinti waliinamia keki kubwa, kwa kuwa malkia mwenyewe alikuwa kaburini siku nyingi. Hata leo sijui keki ilijisikiaje.

Anayetoka pwani hatashangaa sana. Na sisi tunaye mwari, tunaye somo wake, yako mambo anayofundishwa ndani, na iko siku ya kumtoa nje watu wamwone. Tofauti ya Vienna ya leo ni kwamba hakuna anayeposwa. Wengi hucheza na rafiki wa darasani, wakimaliza kila mmoja anapanda trem yake.

Mji wa kumpeleka mtoto ni muhimu kuujua mapema. Paris wana dansi yao ya mabinti, lakini ile ni ya mwaliko tu: mabinti wachache, wengi wao wa familia tajiri au maarufu, na magauni ya mafundi wakubwa wa mitindo. New York wana yao tangu 1954, na huko pesa na majina ya ukoo hutangulia. Vienna nayo ina matajiri wake, tena wengi, lakini mlango wa kamati ya ufunguzi hufunguliwa kwa miguu. Mtoto wa nesi, mtoto wa dereva, mtoto wa balozi, wote huulizwa swali moja: unajua walzi ya kushoto?

Hilo ndilo wazazi wengi hawalisikii. Wanakimbilia gauni. Nimeona mama kanunua gauni la euro 900 mwezi wa nane, na binti akakataliwa mwezi wa kumi na moja kwa sababu hajui kugeuka.

Hatua ya kwanza: chagueni dansi

Msimu hutangazwa rasmi tarehe 11 Novemba saa 5:11 asubuhi, watu wakicheza walzi barabarani katikati ya mji, lakini moto wenyewe huwaka Januari na Februari, mpaka mkesha wa Jumatano ya Majivu. Katika muda huo mji hufanya dansi zaidi ya 400. Karibu kila kazi ina yake: wenye mikahawa ya kahawa, waoka keki, madaktari, wanasheria, wawindaji. Ya wenye peremende ina mchezo wa kumweka mshindi wa kike kwenye mizani na kumlipa uzito wake kwa pipi.

Iliyo maarufu kuliko zote ni ya Opera, katika jumba la Staatsoper, Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Kwa jina hilo ilianza 1935. Jumba lilipigwa mabomu mwaka 1945, likafunguliwa upya 1955, na dansi ikarudi Februari 1956. Viti vya ukumbini hung'olewa, sakafu huinuliwa mpaka usawa wa jukwaa, na watu zaidi ya 5,000 huingia usiku mmoja huku taifa zima likitazama kwenye televisheni. Miaka ya karibuni jozi za ufunguzi zimekuwa 144.

Ushauri wangu: usianzie hapo. Mtoto wa rafiki yangu Mkenya, ambaye mama yake anafanya kazi Umoja wa Mataifa hapa Vienna (walihamishwa kutoka ofisi ya Nairobi), alifungua Opera, na kweli lilikuwa jambo kubwa. Lakini mwaka mmoja kabla alikuwa amefungua dansi ya chuo. Dansi za vyuo vikuu na za vyama vya kazi, zinazofanyika ikulu ya zamani ya Hofburg au kwenye jumba la manispaa, zina kamati zenye jozi chache zaidi, ushindani wake ni mwepesi, na ukumbi hauna tofauti ya kukuumiza: taa za vioo ni zilezile, ngazi za mawe ni zilezile. Sisi tulikwenda Hofburg na hatujutii.

Na tazameni bei kabla hamjapenda. Tiketi ya kuingia tu Opera, bila hata kiti, imeshapita euro 350 kwa kichwa, na boksi kubwa la watu wachache hupita euro 20,000. Debutanti mwenyewe hanunui tiketi ya mgeni, ila kamati nyingi hutoza mchango wa ushiriki. Ulizeni mambo matatu siku ya kujiandikisha: mchango ni kiasi gani, taji na maua vimo ndani yake au la, na wazazi wanapata tiketi kwa bei gani. Swali la tatu ndilo linaloumiza watu mwishoni.

Umri kwa Opera ni takriban miaka 17 hadi 24. Kwingine hulegezwa kidogo. Uraia hauangaliwi, wanatoka Ujerumani, Italia, popote.

Hatua ya pili: kushoto, kushoto, kushoto

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa.

Walzi ya kawaida huzunguka kulia. Mwili unaipenda, mtu hujifunza kwa wiki chache. Walzi ya kushoto ni ileile ikiwa imegeuzwa, na mwili unaikataa. Muziki wa Vienna unakwenda karibu vipande 60 kwa dakika, kila kipande mapigo matatu. Piga hesabu: nyayo 180 kwa dakika. Nyayo sita ndizo zinazokamilisha mzunguko mmoja, kwa hiyo binti anazunguka kama mara 30 ndani ya dakika, amevaa gauni la kuburuta, kati ya jozi nyingine zinazozunguka vilevile, na wote hawatakiwi kugongana.

Nyayo za binti ni hizi. Moja: mguu wa kulia unarudi nyuma. Mbili: wa kushoto unakwenda pembeni, na mwili umeshaanza kugeuka. Tatu: wa kulia unaufuata wa kushoto, inakutana. Hapo amegeuka nusu. Nne: wa kushoto unakwenda mbele. Tano: wa kulia unazunguka pembeni. Sita: wa kushoto unapita mbele ya wa kulia, miguu inapishana kama mkasi. Mzunguko umetimia. Kijana anafanya hayohayo akianzia nusu ya pili, yaani mmoja anaporudi nyuma mwenzake anakwenda mbele.

Siri iko kwenye urefu wa hatua. Anayerudi nyuma apige hatua fupi, karibu azunguke palepale; anayekwenda mbele ndiye mwenye safari ndefu ya kumzunguka mwenzake. Wanaoanza hufanya kinyume: anayerudi nyuma anaruka mbali kwa woga, mwenzake anamfukuza, na baada ya mizunguko mitatu wako ukutani. Ule msalaba wa sakafuni ulikuwa kwa ajili hiyo. Nilimwambia binti: ukirudi nyuma, usitoke nje ya msalaba.

Kizunguzungu kitakuja, na dawa si limau wala tangawizi. Macho yasitazame sakafu wala uso wa kijana. Yapite juu ya bega lake la kulia, mbali, kama mtu anayetazama dirishani ndani ya basi. Anzeni na nusu dakika, mpumzike, mrudie. Tulifika dakika tano bila kusimama mwezi wa kumi, na siku ile binti alikaa chini sakafuni akacheka mwenyewe kama mlevi.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyetuambia mpaka tulipochelewa: wanamuziki wa Vienna hawapigi mapigo matatu yaliyo sawa. Lile la pili wanaliwahisha kidogo, kabla ya wakati wake, na ndiyo maana muziki unakuwa kama unakuvuta mkono. Aliyezoea mashine ya kuhesabu mapigo atajikuta amechelewa kila mara. Fanyeni mazoezi na rekodi za okestra za huku.

Shule ya dansi ni lazima. Zipo nyingi, inayojulikana zaidi ni Elmayer, iliyoanzishwa 1919 na afisa wa zamani wa jeshi la farasi, na huko pamoja na walzi wanafundisha namna ya kuomba dansi na namna ya kushika uma. Lakini shule yoyote yenye kozi za walzi ya kushoto inatosha. Septemba na Oktoba madarasa hujaa, kwa hiyo anzeni majira ya kuchipua kama tulivyofanya. Miezi ya kiangazi ni ya kusahau na kuanza upya, kwa sababu kila mtoto husahau.

Hatua ya tatu: kijana

Mabinti wanaotaka kufungua ni wengi kuliko vijana. Binti anayeomba peke yake anaweza kupangiwa mtu, au kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri mpaka apatikane mtu. Anayekuja na mwenzake aliyefunzwa naye amevuka nusu ya foleni.

Mtafuteni mapema, na msimchague kwa sura. Awe amemzidi binti kidogo kwa urefu, huku mkihesabu kisigino; wapangaji hupanga jozi kwa kimo, na jozi isiyolingana huonekana toka mbali. Awe mtu wa kufika kwa wakati. Sisi tulimpata mwanafunzi mwenzake, mtoto wa Kiserbia, mrefu, mnyamavu, ambaye mama yake alinipigia simu kuuliza kama kuna gharama. Nilimwambia ukweli: fraki, yaani koti la mkia, linakodishwa. Lazima liwe fraki na tai nyeupe ya kipepeo. Suti nyeusi ya kawaida haipiti, hata iwe ya bei gani. Na glavu nyeupe, jozi mbili, kwa sababu ya kwanza itapata jasho na rangi ya kiatu kabla ya saa tano usiku.

Usaili

Ni mfupi kuliko hofu yake. Jozi kadhaa huingia pamoja, muziki unapigwa, wanacheza kulia, wanageuza kushoto, watu wenye kalamu wanatazama. Wanachotafuta ni mikono isiyoanguka, migongo iliyosimama, na uwezo wa kuendelea baada ya kukosea. Mtoto wa rafiki yangu alimkanyaga mwenzake waziwazi, wakapoteza mapigo mawili, wakaingia tena bila kusimama. Wakachukuliwa. Jozi ya jirani yao ilisimama ikaomba radhi.

Avae sketi pana ya kawaida na viatu vilevile atakavyovaa siku yenyewe.

Gauni, gagulo, na mambo ya kichwa

Sasa, ndiyo, gauni. Sharti la kawaida: nyeupe, lifike sakafuni, lisiwe na mkia. Na nyeupe maana yake nyeupe ya theluji. Mimi niliagiza la kwanza mtandaoni kwenye duka ambalo sitalitaja. Picha ilionyesha theluji, mzigo ukaleta maziwa ya mgando. Chumbani halikuonekana tofauti. Chini ya taa kali, kati ya mabinti wengine, angekuwa wa njano. Lilirudi.

La pili tulinunua mtumba kwa euro 120 kutoka kwa binti aliyefungua mwaka uliotangulia. Huu ndio ushauri wangu wa dhati: kila Machi mji huu umejaa magauni meupe yaliyovaliwa usiku mmoja. Mtumba wa aina hii hata Ilala huupati. Fundi wa Kituruki wa mtaani kwetu akalibana kiunoni, akapandisha pindo.

Pindo lipimwe binti akiwa amevaa viatu vya dansi na gagulo ndani, kwa sababu gagulo lenyewe linainua kitambaa. Kisha pindo liache nafasi ya vidole viwili kutoka sakafuni. Mkumbuke ile hatua ya sita, mguu unapopita mbele ya mwenzake: hapo ndipo kisigino kinapokamata pindo. Mtoto aliyevaa gauni la kugusa sakafu atalikanyaga, si labda. Gagulo lenye waya wa duara tuliliacha. Likikutana na la jirani yanainuana, na nyuma ya jozi kuna kamera. Gagulo la tabaka za tuli linatosha.

Viatu: kisigino kisizidi sentimita tano au sita, kiwe kinene, kiatu kiwe na mkanda. Soli ya ngozi au suedi, si mpira, maana mpira unashika sakafu na goti ndilo linalogeuka. Avivae nyumbani mwezi mzima akiosha vyombo. Lengelenge litokee Desemba.

Glavu zipite kiwiko. Kuna kosa la kununua namba kubwa ili "ziingie vizuri". Zitashuka kama soksi katikati ya dansi. Ziwe za kubana, na juu kabisa, ndani, mshone kipande chembamba cha lastiki.

Nywele ndizo zilizonisumbua, na hakuna mwongozo wa Kijerumani utakaokusaidia. Karatasi ya kamati ilisema nywele zibanwe juu, taji lisimame katikati. Taji la debutanti lina vichanuo viwili vidogo, vimetengenezwa kwa nywele laini za kuchana nyuma. Kwenye nywele zetu vinateleza au haviingii. Msusi mmoja Mkongo, mwenye saluni karibu na stesheni, alinitatulia: alisuka mistari midogo kuelekea utosini, akabana fundo, kisha akalishona taji kwa uzi mweusi kwenye mistari, pande mbili, kama unavyoshona kifungo. Halikutikisika mpaka asubuhi. Kulitoa tulitumia wembe na subira. Mkiwa na taji mkononi siku mbili kabla, jaribuni. Wengine hupewa siku ya mazoezi ya mwisho, kwa hiyo kichwa kisukwe kikiwa kimeacha nafasi yake.

Mazoezi ya mwisho

Wiki ya dansi mtoto si wako, ni wa kamati. Wanafundishwa namna ya kuingia kwa polonezi, yaani dansi ya matembezi, mistari miwili miwili, namna ya kugawanyika na kukutana, nani asimame wapi. Opera hata mazoezi ya mwisho ya mkesha wake huuzwa tiketi, na mzazi asiyeweza bei ya usiku wenyewe aende siku hiyo. Ataona kila kitu.

Kuna jambo dogo la goti. Debutanti huinama kwa kupiga goti kidogo, mguu mmoja nyuma. Binti yangu alilelewa kupiga goti akimsalimia bibi yake, na nilidhani hapo hatuna kazi. Mwalimu alimsimamisha mara tatu. Kumbe mtoto wetu akipiga goti anashusha macho, kwa adabu, kama alivyofundwa. Huku wanataka goti lishuke na kidevu kibaki juu, macho mbele. Alijaribu nyumbani mbele ya kioo, akaniambia, "Mama, najiona kama namjibu mtu mzima vibaya." Tukacheka, lakini ilichukua siku nne.

Usiku wenyewe

Ale saa kumi jioni, chakula kizito kisicho na mchuzi. Wali na kuku, sawa. Ufunguzi wa Opera ni saa nne usiku. Kwingine unaweza kutangulia kidogo. Kabla ya kucheza kuna kusimama: hotuba, waimbaji, wacheza baleti, na kamati nzima imesimama pembeni wima kama askari wa gwaride. Wanaoanguka huanguka hapo. Magoti yasikazwe, vidole vya miguu vicheze ndani ya viatu, na maji anywe kidogo kidogo tangu mchana.

Kisha jozi zinaingia kati. Shada dogo la maua, wakati wa walzi, hukaa mkono wa kushoto nyuma ya bega la kijana. Wanazunguka kushoto. Kwetu nilihesabu mpaka mizunguko 40 halafu machozi yakanizuia. Mwishoni sauti inaita "Alles Walzer!", yaani wote wacheze, na uwanja unafurika ndani ya nusu dakika. Mzazi, usikimbilie kumkumbatia, utakanyagwa.

Saa sita usiku ni kwadrili ya Strauss. Watu hupanga mistari inayotazamana, mwalimu anatoa amri kwa Kifaransa, hakuna anayesikia, na sehemu ya mwisho ni mbio ya kupita chini ya mikono ya wengine. Kila mtu hukosea, wakiwemo waliozaliwa Vienna. Ingieni. Ni sehemu pekee ya usiku ambayo kutojua ni faida.

Kwa wazazi, mavazi: mama asivae nyeupe kabisa, hiyo ni rangi ya mabinti. Gauni lifike sakafuni. Mimi nilivaa kitenge, gauni refu la mabega wazi, na mlangoni hakuna aliyeninyooshea kidole. Vazi rasmi la kwenu linakubalika mradi ni refu na limekamilika. Baba avae fraki au tuksido, yaani suti ya jioni ya tai nyeusi, kulingana na karatasi ya mwaliko, na kama karatasi inasema fraki, tuksido itamrudisha mlangoni. Wanawake hupewa zawadi ndogo wanapoingia. Usiikatae ukidhani unauziwa.

Siku ya Opera msije kwa gari. Barabara hufungwa, trem za Ring, barabara inayozunguka katikati ya mji, hubadilishiwa njia, na tangu 1987 siku hiyo imekuwa pia siku ya waandamanaji wanaopinga anasa na siasa za wageni waalikwa. Shukeni Karlsplatz kwa treni ya chini, mtembee. Binti avae viatu vya theluji, vya dansi vikiwa mfukoni.

Alfajiri

Opera hufungwa saa kumi na moja alfajiri. Huko nje kuna kibanda cha soseji, na foleni yake ni ya magauni ya hariri, fraki na madereva wa teksi wakila kwa vidole. Bebeni koti zito na viatu bapa, na pini za kutosha, maana si kila pindo huvumilia mpaka saa hiyo.

Glavu zifuliwe kwa maji ya uvuguvugu usiku uleule, kabla jasho halijakauka. Gauni lipelekwe kwa dobi wiki hiyohiyo, doa la divai likikaa mwezi halitoki. Halafu lining'inizwe ndani ya mfuko wa nguo na msilitangaze bado: Machi kila mtu anauza, Septemba kila mtu ananunua. La binti yangu tuliliuza tarehe 20 Septemba kwa euro 140, kwa msichana aliyekuja na mama yake. Alilivaa palepale jikoni kwetu, akaangalia alama ya gundi sakafuni, akauliza ni ya nini.

Nikaisukuma meza ukutani.